Skrini Iliyosoma Skrubu

Nyumbani kwa Mbaka chuma baridi hakikupigwa. Mtoto angeweza kuvunja chungu au kumpoteza mbuzi korongoni, na mambo yakaishia kwenye ukali wa mama. Lakini mtoto akiokota nyundo na kuigonga juu ya fuawe wakati moto umezimika, hata kwa utani, Mbaka alimchapa mpaka fimbo ikakatika. Ukoo wao ulikuwa wa wahunzi, na kila Mmbeere alijua habari za wahunzi: chuma chekundu hupigwa kipate umbo, chuma kilichopoa hupigwa ili mtu alaaniwe. Bintiye Ciakuthii alichapwa mara moja tu, akiwa bado na meno ya utoto. Nduguye Nyaga, aliyemfuata ziwa, alichapwa mara nyingi, kwa kuwa mikono yake haikujua kutulia.

Mikono hiyo ndiyo iliyokuja kupata sifa Siakago nzima. Bwawa la Kiambere lilipokuwa likijengwa, Mbaka alipata kazi katika karakana ya kambi, na kambi ilipovunjwa alirudi nyumbani amekaa juu ya lori, amekumbatia mashine ya kuchonga chuma. Watu waliacha soko wakaja kuitazama. Walimsaidia kuiteremsha kwa magogo na kamba, wakaipa jina la ilikotoka: Kiambere. Mzee alipofariki, mashine ilibaki kwa watoto wake wawili. Nyaga alichonga. Ciakuthii alichomelea, akapima, akapokea wateja, na akagombana na wale waliotaka kazi ya leo iwe imekwisha jana.

Kiambere ilikuwa mashine nzuri, ila ilikuwa imezeeka. Chuma hufungwa juu ya meza yake. Fundi huzungusha gurudumu la mkono, skrubu ndefu chini ya meza ikaisukuma meza kuelekea kwenye kisu kinachozunguka. Skrubu hiyo ilikuwa imelika. Ukisukuma meza mbele kisha ukataka kuirudisha, gurudumu lilizunguka kidogo bure, meza ikiwa imesimama kama punda aliyenuna, ndipo ikaanza kwenda. Mafundi huita nafasi hiyo mchezo. Mbaka aliwafundisha kuweka kiganja juu ya meza kila wanapogeuza gurudumu, wausikie mchezo unavyokwisha. "Kwanza umalize uongo," alikuwa akisema, "ndipo uanze kuhesabu ukweli."

Lakini kazi ziliongezeka, na wakulima wa viazi wa Kibirichia, kule juu Meru, walitaka vipuri vya pampu vinavyolingana kama mayai ya kuku mmoja. Ndugu hao wawili wakaamua kuitafutia Kiambere skrini ya kupimia, kile kisanduku chenye namba zinazowaka, kinachomwambia fundi meza imefika wapi. Ciakuthii alipanda mpaka Meru mjini, dukani kwa Bulle, ambaye baba yake alikuwa ameanza kuuza vifaa vya mafundi pale wakati barabara bado ni vumbi.

Bulle alimwekea mbili mezani.

"Dada, hii ndogo ina rula za kioo," alisema. "Rula unaifunga kwenye meza yenyewe. Meza ikisogea, namba inasogea. Meza ikisimama, namba inasimama. Hii kubwa haina rula. Ina vikombe hivi unavyovifunga mwisho wa skrubu, inahesabu skrubu imezunguka mara ngapi. Kwa mashine mpya, sawa. Ya kwenu skrubu imelika?"

"Imelika kama meno ya bibi."

"Basi hii kubwa itasoma uongo wa skrubu na kukuandikia kwa taa ya kijani. Usiinunue, hata nikikubembeleza."

Walicheka. Ciakuthii alichagua ile ndogo, akaomba amwekee. Kabla hajarudi kuichukua, Kiogora akaja Siakago.

Alikuja mchana, watu wakiwa sokoni. Alikuwa mtu wa Tigania, shingo nene, mwenye sauti ya upole kama ya mzee wa kanisa anayetangaza harambee. Genge lake lilikuwa likivamia wenye mifugo huku chini na wenye maghala kule juu, na watu walitaja jina lake wakiwa wameangalia pembeni. Aliingia na wanaume wawili: Mwirigi, mkono wake wa kulia, kijana mrefu mwenye bastola kiunoni, na dereva wao Njuki, Mmbeere wa upande wa bwawa la Kiambere, ambaye alipomwona Ciakuthii aliinamisha macho kama mkwe.

"Fundi, habari ya kazi?" Kiogora alisema. "Nimeambiwa mikono yako inaweza kunakili hata kope ya mbu."

"Watu wanaongeza chumvi, mzee," Nyaga alijibu.

Kiogora alifungua kitambaa juu ya benchi. Ndani mlikuwa na komeo la bunduki, kile chuma kinachofunga risasi kwa nyuma ili moto wake uende mbele, usirudi usoni mwa anayefyatua.

"Hili limechakaa. Nataka mapya. Mengi."

"Sisi tunatengeneza pampu. Na mikokoteni ya punda."

"Hiki ni kidogo kuliko pampu."

"Ni kidogo, lakini hakichoti maji."

Mwirigi alicheka. Kiogora naye akacheka, akamgusa Nyaga begani kwa upendo kabisa, kisha akatikisa kichwa kuelekea kwenye jiliwa ya kubania vyuma iliyokuwa imefungwa kwenye kona ya benchi.

Yote yalitendeka kabla Ciakuthii hajaweka chini alichoshika. Mwirigi alimkunja Nyaga mkono wa kushoto, akausukuma katikati ya taya za jiliwa, akazungusha mpini. Nyaga hakulia mwanzoni. Alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mteja. Kisha Mwirigi akakaza tena, na karakana nzima ikasikia vile vifupa vidogo vinavyokatika, kama mtu anayetembea juu ya mahindi makavu. Hapo Nyaga akalia sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia. Ciakuthii alichukua nondo akarukia mgongo wa Mwirigi. Pigo lilimpata begani tu. Mwirigi aligeuka akampiga mdomoni kwa kitako cha bastola, naye akaanguka juu ya mabaki ya chuma yaliyomchana viganja.

"Mama, kaa hapo hapo chini," Kiogora alisema bila kupandisha sauti. "Sipendi kumpiga mwanamke mbele ya ndugu yake. Na wewe fundi usilie. Mkono wa kulia hatujaugusa. Sisi si wajinga."

"Hata... hata mkivunja yote," Nyaga alisema, jasho likimdondoka puani, "mashine ni nzee. Haishiki kipimo. Kitu kama hicho kinataka skrini."

Alisema hivyo ili wamwache. Alidhani ameweka jiwe mlangoni. Kiogora alimtazama Ciakuthii.

"Skrini ni nini?"

Ciakuthii alitema damu. Aliona kwamba wataipata tu, yeye akiwepo au asiwepo. Na Nyaga akiachwa peke yake na watu hawa hatabakiwa na mkono wa pili.

"Inauzwa Meru," alisema. "Mimi ndiye naijua."

Wakalegeza jiliwa, na Kiogora akaondoka na Ciakuthii kwenda Meru, Njuki akiendesha. Mwirigi akabaki Siakago kumlinda Nyaga mpaka Kiogora alipomwita kwa simu awafuate mjini, na mwingine wa genge akachukua zamu yake mlangoni. Kituo cha polisi kilikuwa karibu sana, lakini Kiogora alikuwa amesema neno moja tu la kuagana: askari wa kwanza atakayeonekana, fundi ndiye wa kwanza kufa.

Dukani, Bulle aliinuka akiwa na tabasamu. "Dada Ciakuthii! Umefuata rula zako?" Kisha akaona mdomo wake uliovimba, akaona waliomfuata, na tabasamu likamtoka taratibu.

"Tuonyeshe zote," Kiogora alisema.

Bulle aliziweka mezani kama alivyoziweka mara ya kwanza. Ile ndogo, ya kijivu, namba nyembamba, na rula zake ndani ya mfuko. Ile kubwa, pana kama sinia la chai, namba zake zikawaka kijani mistari mitatu alipochomeka umeme. Kiogora aliinama akajiona kwenye kioo chake.

"Hii. Bei gani?"

"Mzee, hii nzuri kwa mashine mpya," Bulle alisema. "Kwa ile yao, hii ndogo—"

"Kubwa unamwekea nani?"

"Simwekei mtu. Sikiliza kidogo tu. Hii inasoma—"

Mwirigi hakumngoja amalize. Alichukua spana ndefu kutoka kwenye rafu ya Bulle mwenyewe, yenye karatasi ya bei bado, akampiga nayo mdomoni. Jino liliruka likatua juu ya kioo cha meza, likazunguka, likatulia. Bulle alishika ukuta asianguke. Mteja aliyekuwa akichagua misumari aliiacha akatoka nje kinyumenyume.

"Umeulizwa bei," Mwirigi alisema. "Hukuulizwa hotuba."

Kiogora alimgeukia Ciakuthii. "Wewe unazijua. Hii kubwa ina ubaya?"

Damu ya Bulle ilikuwa ikipita kati ya vidole vyake, na macho yake yalikuwa juu ya Ciakuthii, yakingoja. Yeye mwenyewe hakuwa amepanga lolote tangu Siakago. Alikuwa amefikiria mkono wa Nyaga tu, jinsi ulivyokuwa umebaki bapa. Sasa alifikiria komeo lililochongwa vizuri. Wangechukua la kwanza, wakarudi kwa la pili, na la kumi, na Kiambere ya baba yao ingekuwa inazaa vifo mchana na usiku, na siku moja Kiogora angeona fundi anajua mengi mno. Kisha alifikiria komeo lililochongwa vibaya. Lingekwama. Wangetukana, wangepiga, wangesema mashine ni takataka, wangeondoka. Alifikiri hivyo: litakwama tu.

"Ni kubwa," alisema. "Namba zake zinaonekana vizuri."

"Inafaa?"

"Mzee ana macho."

"Mwanamke na kitu kinachong'aa," Mwirigi alisema, akachukua sanduku.

Bulle alikunja waya, akafunga sanduku kwa gundi, na alama za vidole vyake zikabaki nyekundu kwenye kifuniko.

Ciakuthii hakumwambia Nyaga. Mwirigi alirudi kulala karakanani juu ya magunia, akitafuna miraa, bastola ikiwa juu ya tumbo; hapakuwa na dakika ya kunong'ona. Na hata kama ingekuwepo, angenyamaza. Uso wa Nyaga ulikuwa dirisha lisilo na pazia. Tangu utotoni, akificha kitu, hata mbuzi walijua.

Alifunga vile vikombe mwisho wa skrubu kwa mikono yake, akapitisha waya, akatundika skrini juu ya mashine. Nyaga alikuja na mkono wake wa kushoto umefungwa kwa kanga ya dada yake. Aliwasha. Namba za kijani zilimwangaza usoni.

"Umeniletea hii?" alimwuliza.

"Mzee ndiye aliichagua."

"Aa." Nyaga aliangalia vikombe, akaangalia skrubu, akamwangalia dada yake. "Inapendeza."

"Fanya kazi, wacha mapenzi," Mwirigi alisema kutoka kwenye magunia.

Nyaga alifanya kazi. Ciakuthii alisimama karibu akimpa visu na mafuta, na roho ilikuwa mkononi. Kila Nyaga alipogeuza gurudumu, aliweka ule mkono uliofungwa juu ya meza, kama baba alivyowafundisha, ingawa maumivu yalimfanya aume meno. Ciakuthii alijua akiuweka hapo atausikia mchezo: namba zitakuwa zinakimbia juu na meza imetulia chini. Mara ya kwanza Nyaga alisita. Gurudumu lilikuwa mkononi, macho juu. Ciakuthii aliacha kupumua.

"Skrini imesema," Nyaga alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayejibu ibada, akateremsha kisu.

Baada ya hapo alisema hivyo kila mara. Skrini imesema. Skrini imesema. Mwirigi alianza kuitikia "Amina" akicheka, mdomo umejaa majani.

Komeo lilipomalizika, lilikuwa zuri kama pambo. Nyaga alikuwa amelisugua mpaka likang'aa. Kiogora alilitia kwenye bunduki, likaingia bila ubishi; wakateremka korongoni wakajaribu, na mlio ukawafanya kunguru wote wa Siakago kuruka. Lilifanya kazi. Ciakuthii aliusikia mlio ule akiwa ameshika ukuta wa karakana, akaona amemfunga nduguye kamba shingoni bure. Halikukwama.

"Tutarudi," Kiogora alisema. "Fundi, wewe sasa ni mtoto wetu."

Habari ziliteremka kutoka Kibirichia pamoja na lori za viazi. Kiogora alikuwa amevamia ghala wakati wanunuzi wako ndani, mchana kweupe, akaelekeza bunduki mlangoni na kufyatua ili watu walale chini. Alifyatua tena. Mara ya tatu komeo lilikatika mahali palipochongwa kina kuliko inavyopaswa, na moto wote ukarudi nyuma. Waliokuwepo walisema hapakubaki uso. Wenzake walisimama wakimtazama, na katika kule kutazama wakulima wakaamka sakafuni. Walikuwa na majembe, walikuwa na mapanga, walikuwa na vyuma vya kupimia magunia. Karibu genge zima lilikatwakatwa kati ya viazi, wengine wakiomba kwa majina ya mama zao. Mwirigi alitoka akikimbia, nusu ya shingo imeungua, na Njuki ndiye aliyekuwa na gari.

Ciakuthii aliposikia, alikimbia karakanani.

"Nyaga, toka. Nenda Embu, nenda popote. Sasa hivi."

Nyaga alikuwa akifunga gurudumu la mkokoteni kwa mkono mmoja. "Nikikimbia mimi, watakukuta wewe."

"Tutakwenda wote."

"Na Kiambere?"

"Nyaga, ile ni chuma!"

"Haya," alisema, akaweka spana chini, akaanza kutafuta shati lake. Alitafuta shati. Baadaye Ciakuthii alikuwa akilikumbuka shati lile kuliko kitu kingine chochote, lilivyokuwa limetundikwa mgongoni pa mlango muda wote.

Gari lilisimama nje.

Mwirigi aliingia na nondo, Njuki nyuma yake. Shingo yake ilikuwa imetoa malengelenge na ilinuka. Alitupa sakafuni kipande cha komeo, cheusi, kimepasuka kama ganda.

"Nani alifanya hivi?"

"Njuki, mshike huyu mama," Mwirigi aliongeza, na Njuki akamshika Ciakuthii mikono kwa nyuma.

"Ni mimi!" Ciakuthii alipiga kelele. "Mwache! Hakujua! Skrini ile inasoma skrubu, haisomi meza. Bulle alitaka kuwaambia, mkamvunja mdomo. Mimi nilijua nikanyamaza. Niue mimi!"

Mwirigi alimtazama, akatazama skrini, na ilionekana maneno yanamwingia moja moja. Akainua nondo kumwelekea.

Nyaga alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kile cha utotoni, cha mbuzi kujua siri.

"Dada yangu ni mwongo," alisema. "Wewe Mwirigi ulikuwa umelala hapo ukisema amina. Mkono wangu ulikuwa mezani. Mchezo wa skrubu hii nimeulalia na kuuamkia tangu sijaota ndevu, ndio nisahau kwa sababu ya taa? Kila nilipoona namba inakimbia na meza imesimama, nilikata hivyo hivyo. Nililisugua vizuri ili mlipende. Mimi ndiye fundi. Kazi ya mikono yangu mwenyewe."

"Nyaga," Ciakuthii alisema. "Ulijua?"

"Nilidhani wewe ndiye hujui," Nyaga alisema, na uso wake, dirisha lile, ulikuwa umefungwa kabisa isipokuwa mdomo.

Nondo ilimpata juu ya sikio. Alianguka kwenye mguu wa Kiambere akajaribu kujiinua kwa gurudumu, likazunguka naye, bure, bila meza kusogea, akateleza. Mwirigi alipiga tena. Alipiga kama anayetwanga, akitaja jina la Kiogora kila pigo, na aliendelea hata pale ambapo hapakuwa na wa kumsikia. Damu iliruka ikafika kwenye namba za kijani. Ciakuthii alipiga mayowe mpaka sauti ikakatika, na ilipokatika ndipo akaacha kuhangaika. Njuki akadhani amezimia, akalegeza mikono.

Hakuwa amezimia. Alitembea. Aliokota kile kipande cha komeo sakafuni, akakiweka juu ya fuawe ya baba yake kwenye kona ambako moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi. Akachukua nyundo ya Mbaka.

"Mama," Njuki alisema. Alikuwa ameelewa kabla ya mtu mwingine. "Mama, usipige. Hicho kimepoa. Mama, mimi ni dereva tu!"

Ciakuthii alipiga. Chuma chekundu hutoa sauti nene, kama mtu anayekubali. Kile kilitoa mlio mwembamba uliokwenda mbali.

"Mwirigi," alisema.

Njuki alitoka mbio. Aliacha gari, aliacha kiatu kimoja mlangoni. Mwirigi alisimama juu ya mwili wa Nyaga, nondo ikidondosha.

"Unafanya nini? Wacha hiyo."

Akapiga tena. "Mwirigi, uliyemuua Nyaga wa Mbaka."

"Nimesema wacha!" Hata kwao Tigania walikuwepo wahunzi, hata Mwirigi alikuwa na bibi aliyemsimulia. Alimrukia akampiga mbavuni, na mbavu zikavunjika; Ciakuthii alipiga magoti, lakini fuawe ilikuwa fupi, alifikia. Alipiga akiwa amepiga magoti. Alitaja jina la Mwirigi, na jina la kile alichokitenda, na mlio ukatoka nje ukapita juu ya vibanda.

Sokoni, watu wazima waliacha kuzungumza. Wengi walikuwa hawajawahi kuusikia, lakini wote waliutambua. Walikuja wakajaa mbele ya karakana, na hakuna aliyepiga kelele. Mwirigi alipotoka akiwa na nondo, alijiandaa kwa mawe. Aliona mawe mikononi mwao. Lakini hawakurusha. Mtu aliyetajwa kwenye chuma baridi haguswi, asije akakuambukiza. Walimfungulia njia pana, akina mama wakivuta watoto nyuma ya nguo zao. Aliwatukana. Hakujibiwa. Alitupa nondo ili achukue maji kwa mwuza maji, na mwuza maji akamwaga mtungi wote mchangani mbele yake.

Polisi hawakumtafuta. Walimkuta amekaa kwenye sakafu ya kituo chao wenyewe, amekumbatia magoti, anaomba wamfungie ndani na wafunge dirisha, kwa sababu, alisema, nyundo haijanyamaza.

Nyaga alizikwa nyumbani, karibu na baba yake. Padri alihubiri kuhusu kusamehe, na hakumtazama Ciakuthii; wengi hawakumtazama. Fuawe ilikuwa imezikwa siku moja kabla, nyuma ya karakana, na wazee, bila maneno mengi. Anayepiga chuma baridi hazimi jina la adui peke yake, huzima na moto wa nyumba yake. Alilijua hilo kabla hajainua nyundo.

Bulle alikuja mazishini kutoka Meru na pengo mdomoni. Alikaa na waombolezaji mpaka wengi wakaondoka, kisha akamletea sanduku dogo.

"Ni ile uliyochagua, dada. Sikuiuza."

"Sina pesa..."

"Sikukuuliza. Ningepiga kelele siku ile, pengine wangechukua hii, na yeye angekuwa hai."

"Wangekuua wewe. Halafu Nyaga angechonga makomeo mazuri, wakamuua akishamaliza."

"Pengine," Bulle alisema.

Mbavu zilipomruhusu, Ciakuthii alifungua karakana. Aliishusha skrini kubwa, akang'oa vikombe mwisho wa skrubu. Alifunga rula za kioo kwenye meza, taratibu, akizinyoosha kwa kipimo cha kalipa, na alipomaliza alisogeza meza mbele, kisha akageuza gurudumu. Gurudumu likazunguka bure. Namba zikasimama palepale. Zilingoja, kisha meza ikaanza kwenda, nazo zikaenda.

Skrini ilisema kweli. Hapakuwa na haja tena ya kuhesabu wala kupapasa. Juu ya meza palikuwa na kipuri cha pampu ya mkulima wa Kibirichia kilichongoja tangu wakati ule. Ciakuthii alikifunga, akateremsha kisu. Kila alipogeuza gurudumu aliweka kiganja cha kushoto juu ya meza, mahali ambapo rangi ilikuwa imetoka kwa mikono, akaungoja mchezo ukwishe.